André, jitu lililotoka shambani



Tulipokuwa watoto tulikuwa tunalipa franka 50 kuingia mu sinema ya mtaa, ile nyumba ya mabati, jenereta inalia inje, na tunaangalia kachi. Kaseti zilikuwa za zamani, picha inaruka-ruka. Kulikuwa moja ambayo mwenye video alijua itajaza nyumba: Hulk Hogan na André the Giant. Hogan ananyanyua lile jitu, anabwaga chini, na sisi wote tunasimama juu ya mbao tunapiga kelele. Nyuma yetu hakukosekana mkubwa mmoja wa kusema: «Ile yote ni teatre.» Tulikuwa tunamchukia.

Leo niko na licence ya agronomia na nimejua kwamba yule mkubwa alikuwa na haki, lakini nusu tu. Ile nusu ingine njo inanifanya niandike.

André Roussimoff alizaliwa tarehe 19 Mei 1946 kule Coulommiers, mashariki ya Paris, akakulia mu kijiji kidogo kinachoitwa Molien. (Wale wa agro wanajua jina Coulommiers kwa sababu ya jibini.) Baba yake alitoka Bulgaria, mama Poland, wote wahamiaji wanaoishi kwa kulima. Mtoto akaacha masomo akiwa na miaka 14, kwa sababu kwa maisha ya mfanyakazi wa shamba aliona yale aliyosoma yanatosha. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba mwandishi Samuel Beckett, yule aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1969, alikuwa jirani na alimpeleka shuleni kwa gari kila siku kwa sababu hakuenea mu basi. Beckett alikuwa kweli na nyumba karibu pale. Lakini ile «kila siku» na ile basi imeongezwa njiani. Mkumbuke hii jambo, kwa sababu kila kitu kuhusu André kinaongezeka kadiri kinavyosimuliwa: kimo chake, bia zake, ushindi wake. Hata kimo rasmi cha mita 2.24 ni kimo cha matangazo.

Akiwa kijana akaenda Paris. Muchana anabeba vitu vya watu wanaohama nyumba, usiku anajifunza mieleka. Jina la kwanza lililomletea watu ni Géant Ferré. Lilitokana na Grand Ferré, mkulima wa karne ya 14 ambaye Wafaransa wanasimulia kwamba aliwapiga Waingereza kwa shoka. Kwa hiyo hata jina la kazi lilikuwa la mkulima mwenye nguvu.

Sasa, kwa wale ambao hawajui, kachi ya kulipwa inafanya kazi hivi. Nani atashinda wanapatana mbele ya kuingia ulingoni. Promota njo anaamua, kwa sababu yeye anafikiri tiketi za mwezi ujao. Lakini hakuna mutu anaweza kupatana na sakafu. Ukianguka kwa mugongo mara 200 kwa mwaka, mugongo hauulizi kama ilikuwa teatre. Na tena yule unayempiga njo anayekulinda: anakukamata kichwa kisigonge, anaruka kidogo ili uweze kumnyanyua. Adui wako ulingoni ni mwenzako wa kazi. Kwetu Kinshasa wameongeza ndani ya kachi uchawi na dawa, na watu wanajaza viwanja, lakini msingi ni ule ule, kumfanya mutazamaji aamini kwa saa moja.

Ndani ya mfumo huo André alikuwa na tatizo ambalo mwanafunzi wa uchumi wa kilimo anaweza kulielewa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Montreal, Kanada. Watu wakajaa. Halafu wakapungua. Sababu? Jitu likipiga kila mutu kila wiki, nani atalipa kuona tena? Ni kama nyanya mu soko la Kadutu: siku ya kwanza ya msimu unapanga bei mwenyewe, wiki ya tatu unaomba watu wachukue. Mwaka 1973 akakutana na Vincent J. McMahon wa New York, na huyu mzee akaona dawa. Wakati ule Amerika ya Kaskazini iligawanyika kwa maeneo, kila eneo na promota wake. McMahon akamfanya André kuwa bidhaa ya kukopeshwa: siku chache Texas, wiki moja Florida, kisha Japani, halafu anapotea. Kila pahali anafika kama mvua ya kwanza. Akamwambia pia aache kuruka-ruka kama vijana wengine, asimame tu kama mlima, wengine wagonge na kuanguka. Jina likawa André the Giant. Ni akili kubwa ya biashara, siwezi kukataa. Lakini aliyelipa ni André, maana alikuwa njiani karibu mwaka wote, mu ndege ambazo kiti hakimuenei na choo hawezi kuingia. Kwa safari ndefu ya kwenda Japani walikuwa wanamuwekea ndoo nyuma ya pazia. Fikiri mwenyewe, mutu mwenye jina kubwa vile.

Kuna siku moja inayotugusa sisi Wakongomani kidogo. Muhammad Ali, baada ya kumpiga Foreman Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, alipigana na Chuck Wepner mwaka 1975. Mwezi wa sita 1976 Ali akaenda Tokyo kupambana na mcheza mieleka Antonio Inoki, pambano la ajabu ambalo Inoki alilala chini akimpiga mateke ya miguu. Usiku ule ule, kule Shea Stadium, New York, André alimchukua yule Wepner na kumtupa inje ya kamba. Mutu aliyesimama na Ali hadi raundi ya 15, anatupwa kama mufuko wa mihogo.

Nije sasa kwa ile nusu ambayo si teatre.

Mwaka wa pili wa licence, profesa wa magonjwa ya mimea alituonyesha picha ya pepinyeri ya mpunga. Miche yote ni mifupi, ya kijani nzuri, isipokuwa michache iliyopanda juu sana, myembamba, rangi imepauka. Akatuuliza ipi ni bora. Nusu ya darasa tukaonyesha ile mirefu. Akacheka. Ile ni ugonjwa. Wajapani wanauita bakanae, maana yake mche mpumbavu. Kuna kuvu inaingia ndani ya mche na kutengeneza kitu kinachoamuru seli zirefuke bila kipimo. Mwaka 1926 Mjapani Kurosawa alionyesha kwamba hata maji ya kuvu peke yake, bila kuvu yenyewe, yanarefusha mche. Kile kitu baadaye kikaitwa jiberelini. Mche unapita wenzake wote, na mara nyingi unakufa mbele ya kutoa nafaka.

Niliposoma maisha ya André, nilirudi kwa ile picha. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wa njegere, inaitwa hipofizi. Inatoa homoni ya kukua. Ikishikwa na uvimbe, hata uvimbe usio wa kansa, inaweza kutoa homoni bila kusimama. Kama inaanza utotoni, wakati mifupa haijafunga ncha zake, mutu anarefuka kupita kiasi. Mifupa ikifunga, urefu unasimama lakini homoni haisimami, na sasa inapanua mikono, miguu, taya, paji la uso, ulimi, na moyo. Hiyo ya pili wanganga wanaiita akromegali. Viungo vinauma, mugongo unapinda, moyo unakuwa mukubwa na kuchoka.

Kwa hiyo lile jitu tulilolishangilia lilikuwa mugonjwa, na ugonjwa njo ulikuwa mutaji wake. Wanganga walimwambia. Upasuaji ulikuwepo. Alikataa. Wengi wanasema ni ujinga. Mimi sioni hivyo. Weka nafsi yako pale: umeacha masomo kwa miaka 14, huna diploma, kitu kimoja tu mu mwili wako kinakulisha wewe na kinajaza viwanja, halafu mutu wa koti nyeupe anakuambia aukate. Ningekuwa mimi, sijui kama ningesaini ile karatasi.

Watu wanapenda kusimulia bia zake, chupa zaidi ya 100 kwa usiku mmoja. Hesabu mtanisamehe siiamini, lakini kwamba alikunywa sana ni kweli. Ninachokikosa mu zile hadithi ni kwamba alikuwa na maumivu. Kwa mwili wa kilo zaidi ya 200 wenye magoti na mugongo vile, pombe ilikuwa pia kidonge. Tunacheka mutu anayejitibu.

Mwaka 1986 mugongo ulipasuliwa. Kipindi kile kile alikuwa Uingereza akicheza filamu The Princess Bride, ndani yake ni jitu lenye roho nzuri linaloitwa Fezzik. Kuna pahali anampokea Robin Wright mikononi. Mutu aliyekuwa ananyanyua watu wazima kama kuku hakuweza tena kumbeba musichana mwembamba. Walimfunga musichana kwa kamba za chuma ili uzito usimfikie André. Kwenye filamu huoni kitu.

Na sasa turudi kwa kaseti yetu. Mzee McMahon alikuwa amekwisha kuuza kampuni kwa mutoto wake Vince mwaka 1982, na mutoto akavunja mipaka ya maeneo: televisheni ya kebo, nchi nzima, duka moja. Biashara ya kukopesha jitu ikafa, kwa sababu sasa watu walimuona André kila mahali. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa kuanguka kwake. Tarehe 29 Machi 1987, Pontiac Silverdome, Michigan, WrestleMania III. Kampuni ilitangaza watu 93,173, na hesabu hiyo inabishaniwa mpaka leo. Ilitangaza pia kwamba André hajapigwa kwa miaka 15 na hakuna aliyewahi kumnyanyua. Si kweli. Canek alimshinda Meksiko mwaka 1984, Inoki alimshinda Japani 1986, na Hogan mwenyewe alikuwa amemnyanyua mwaka 1980 pale pale Shea Stadium! Watu walisahau, ao walikubali kusahau.

André aliingia juu ya kigari, kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Chini ya ile nguo nyeusi ya mukanda mmoja alivaa korseti ya kushikilia mugongo. Ukiangalia ile mechi leo, angalia miguu yake. Anashika kamba kila akipata nafasi, hajiangushi ovyo. Kisha Hogan anamnyanyua. Hogan alikuwa na nguvu, ndiyo, lakini mutu wa uzito ule hanyanyuliwi kama yeye mwenyewe hataki. André alikubali, na mugongo uliopasuliwa, kutua juu ya mbao, ili kijana achukue nafasi yake. Tulikuwa tunashangilia Hogan. Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya yule anayeanguka.

Mwaka uliofuata, Februari 1988, walirudiana kwa televisheni ya NBC na watu milioni 33 wakaangalia Marekani. Kampuni ilikuwa imekwisha kumgeuza muovu mbele ya WrestleMania III, na watu walikuwa wanamzomea. Kidogo kidogo akawa hawezi kupigana bila kushikilia kamba. Aliendelea kwenda Japani mpaka mwisho wa mwaka 1992.

Mambo ya nyumbani nitapita haraka, kwa sababu hayanifurahishi. Alikuwa na binti mmoja Marekani, na wakaonana mara chache sana. Kazi ya kuwa njiani ilimpa pesa na ikamnyima hiyo.

Na hapa niseme kitu kwa ninyi mnaosoma, kwa sababu mu darasa letu kulikuwa kijana mmoja ambaye tulimsukuma mpaka akachoka aende kucheza basiketi. Kila mwaka alikuwa anatafuta viatu vikubwa zaidi, akiwa amepita miaka 22. Tulikuwa tunamcheka, tunapiga naye foto. Pete ya mama yake haikuingia tena, alikuwa analalamika kichwa, na alikuwa anagonga watu wanaopita kando kama hawaoni. Hakuna kati yetu aliyefikiri tezi. Viatu vinavyoongezeka wakati umri wa kukua umepita, taya inayotoka mbele, meno yanayoachana, kichwa kuuma na macho kupoteza upande wa kando: ni vitu vya kupeleka kwa munganga. Kipimo cha damu kinaonyesha, na leo uvimbe wenyewe mara nyingi unatolewa kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu. Dawa ziko pia, ingawa bei yake, tusidanganyane, si ya mufuko wetu. Yule mwenzetu alijua akiwa na miaka 27, kwa sababu ya macho.

André alirudi Ufaransa Januari 1993 kumzika baba yake. Alikaa kidogo na familia. Usiku wa kuamkia tarehe 28 moyo ukasimama, mu chumba cha hoteli Paris. Alikuwa na miaka 46. Mwaka ule ule kampuni ilianzisha nyumba ya heshima ya wachezaji wake, na jina la kwanza, peke yake mwaka ule, lilikuwa la kwake.

Alikuwa ameacha neno kwamba mwili uchomwe. Majivu yakapelekwa Marekani, Ellerbe, North Carolina, ambako alikuwa amenunua shamba. Alikuwa anafuga ng'ombe pale. Siku chache alizopata bila safari, alikuwa anazimaliza na ng'ombe na imbwa wake, na watu wa kijiji walikuwa wamemzoea, hawamuangalii tena. Walimwaga majivu juu ya lile shamba.