MKIMBIZI SI TUSI: HAKI ZA MTOTO ALIYEKIMBIA KWAO



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika darasa la Juzuu Amma aliingia mtoto mgeni. Alikuja na mjomba wake kwenye dago la wavuvi, wakitokea kusini, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kimwani. Haikupita wiki wenzake wakampa jina: "Mkimbizi". Wakalitamka kama tusi. Ustadhi alipowauliza mkimbizi ni nani, mmoja akajibu ni mtu aliyekimbia deni. Basi hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa kuhofia maisha yake, ama kwa vita, ama kwa kuandamwa kwa sababu ya dini, kabila au siasa. Mhamiaji ni yule aliyehama kutafuta riziki au masomo. Watu wazima hubishana sana juu ya tofauti hiyo. Kwa mtoto haibadilishi jambo kubwa, kwani yeye hakuchagua kuondoka.

Sisi Waislamu tungepaswa kulijua hili kabla ya wengine. Mwaka 615, Maquraishi walipozidisha mateso, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Masahaba wavuke bahari kwenda Uhabeshi. Maquraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi, mfalme Mkristo, alimsikiliza kwanza Jaafar bin Abi Talib (R.A.), kisha akazirudisha zawadi na kukataa kuwatoa wageni wake. Huko huko akazaliwa Abdullah bin Jaafar. Utoto wake wote wa mwanzo ulikuwa wa ukimbizini, mpaka wazazi wake walipohamia Madina mwaka wa 7 Hijria. Mwaka uliofuata baba yake aliuawa shahidi vitani Muuta. Mtume (S.A.W.) alikwenda mwenyewe kuwakumbatia watoto hao, machozi yakimtoka, akaagiza jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula.

Alichokifanya Najashi leo kimeandikwa katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951: mtu asirudishwe mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Kuandika ni rahisi kuliko kutenda. Vita vilipoanza Cabo Delgado, Msumbiji, Oktoba 2017, na hasa baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, watu walivuka mto Ruvuma kuja upande wetu. Maelfu walirudishwa mwaka huo, wanawake na watoto wakiwamo, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilipinga wazi. Hata hivyo nchi hii ina historia ndefu ya kupokea watu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996, na zaidi ya nusu ya wakazi wake ni watoto. Aidha, Warundi zaidi ya 160,000 wa tangu 1972 walipewa uraia.

Na asijidanganye mtu wa pwani kuwa ukimbizi ni wa watu wa bara. Januari 2001, baada ya watu kuuawa kwa risasi Pemba, ndugu zetu zaidi ya 2,000 walipanda vyombo usiku wakakimbilia Shimoni, Kenya. Watoto wao walilala kwenye mahema kama wengine.

Sasa sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto, na inataja ukimbizi kwa jina kati ya sababu zilizokatazwa. Inampa haki ya jina na ya kuandikishwa kuzaliwa. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Inamtaka pia anayeingia nchini kuomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7, na mmoja wa watu anaoweza kuwaendea ni afisa mtendaji wa kijiji. Wengi hawalijui hilo, wanajificha kwa woga, na mwisho mtoto anahesabiwa mhalifu.

Aliye peke yake ndiye mwenye hatari zaidi. Wapo wanaomchukua mtoto wa namna hii "kumsaidia", kumbe wanamtuma kuvua usiku au kufanya kazi za ndani bila ujira. Sheria hiyo ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote aliyeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa au ya kijiji. Waweza pia kupiga simu namba 116, ni bure. Aliyepotezana na wazazi asaidiwe kufika Msalaba Mwekundu. Wao hutafuta jamaa waliotenganishwa na vita, wala hawatozi kitu.

Mwenzetu yule wa Kimwani bado yupo darasani. Amefika Suratul Fajr. Mama yake hajapatikana, na fomu ya kumtafuta imeshajazwa.