Vitenzi na Ushahidi: Lugha ya Majaribio Mepesi ya Sayansi Darasani

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa majina. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, zimefanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifisha istilahi. Sehemu kubwa ya istilahi hizo ni nomino: tungamo, kanieneo, halijoto, mmumunyo. Aulizwapo mtu iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi, aghalabu jibu hutafutwa katika orodha ya nomino za namna hiyo.

Hata hivyo, mwalimu asimamapo mbele ya meza akiwa na bilauri, mshumaa na sahani ya maji, hafundishi kwa majina pekee. Jaribio ni tukio, na tukio husimuliwa kwa kitenzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika majaribio mepesi yafanywayo madarasani, kitenzi ndicho kinachobeba maelezo ya sababu. Kwamba kitenzi cha mazungumzo ya kila siku huweza kulificha lile ambalo jaribio limekusudiwa kulidhihirisha. Na kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unatoa nyenzo bora za kulirekebisha kosa hilo.

Jambo hili si dogo. Nchini Tanzania shule za msingi za umma hufundisha sayansi kwa Kiswahili. Nchini Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, lakini somo la sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi. Mwanafunzi hulitazama jaribio katika lugha moja, kisha akarudi nyumbani kulisimulia katika lugha nyingine. Ikiwa kitenzi cha nyumbani hakikuguswa shuleni, maelezo ya zamani hubaki palepale, nayo maelezo mapya hukaririwa kwa ajili ya mtihani tu.

1. Kuvuta na kusukumwa: jaribio la mrija

Mtoto atiaye mrija katika kinywaji husema:

(1) Ninavuta soda kwa mrija.

Sentensi hii ni sahihi kisarufi, na kwa matumizi ya kawaida haina lawama. Lakini kitenzi vuta kinamfanya mtoto kuwa mtenda na soda kuwa mtendwa, kana kwamba kinywa kimelishika lile umajimaji na kulikokota juu. Mwalimu achukue chupa, aijaze maji hadi pomoni, aizibe kwa kizibo kilichotobolewa tundu moja, apitishe mrija katika tundu hilo, kisha azibe kwa nta kila mwanya uliobaki. Mwanafunzi akivuta kwa nguvu zake zote, maji hayaji. Nta ikibanduliwa ili hewa ipate njia ya kuingia, maji hupanda mara moja.

Kinywa ni kilekile na juhudi ni ileile. Kilichobadilika ni hewa ya nje. Kinywa hupunguza hewa iliyomo ndani ya mrija tu. Hewa ya nje, inayoyakandamiza maji ya chupa, ndiyo inayoyasukuma kwenda juu. Kwa hiyo maelezo yanayofaa ni haya:

(2) Maji yanasukumwa na hewa.

Tofauti ya (1) na (2) si ya istilahi. Hakuna neno geni hata moja katika (2). Tofauti ni kwamba mtenda amebadilika. Wala si wasemaji wa Kiswahili peke yao waliodanganyika na kitenzi hiki. Wanachuoni wa Ulaya walishikilia kwa karne nyingi kwamba bomba huvuta maji kwa sababu maumbile hayakubali pengo tupu, na walishindwa kueleza kwa nini bomba la namna hiyo haliwezi kuyapandisha maji zaidi ya kiasi cha meta 10. Ni Evangelista Torricelli wa Italia aliyeonyesha, kwa jaribio la zebaki la mwaka 1643, kwamba uzito wa hewa ndio unaoishikilia nguzo ya zebaki ya sentimeta 76 hivi. Alichokifanya, kwa lugha ya sarufi, ni kumwondoa mtenda wa zamani na kumweka mwingine.

2. Kula: jaribio la mshumaa

Mshumaa husimamishwa katikati ya sahani yenye maji, ukawashwa, kisha ukafunikwa kwa bilauri. Baada ya muda mfupi mwali hufifia na kuzimika, na maji hupanda ndani ya bilauri. Maelezo yanayosikika mara nyingi, hata kutoka kwa walimu, ni kwamba mshumaa "umekula" oksijeni yote na maji yakaingia kuchukua nafasi yake.

Kitenzi kula kinadokeza kwamba kilicholiwa kimetoweka. Ndivyo sivyo. Oksijeni huungana na kaboni na hidrojeni zilizomo katika nta, ikawa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Aidha, mwali huzimika kabla oksijeni yote haijatumika. Jaribio lenyewe linatoa ushahidi wa namna mbili. Kwanza, mshumaa unapowaka maji hupanda kidogo sana, na mara nyingine mapovu ya hewa huonekana yakitoka ukingoni mwa bilauri. Sehemu kubwa ya kupanda huja baada ya mwali kuzimika. Pili, mishumaa mitatu ikiwekwa chini ya bilauri ileile, maji hupanda zaidi kuliko kwa mshumaa mmoja, ingawa hewa iliyofunikwa haikuongezeka.

Sababu kuu, basi, ni joto. Hewa iliyopashwa moto hutanuka, na sehemu yake hutoka. Mwali ukishazimika hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, mvuke hugeuka matone, na hewa ya nje huyasukuma maji ndani. Vitenzi vitatu, yaani kutanuka, kusinyaa na kusukumwa, vinatosha kueleza kile ambacho kula kilikificha.

3. Jasho: mtungi na bilauri

Waswahili husema kwamba mtungi hutoka jasho, na bilauri ya maji baridi nayo hutoka jasho. Msemo ni mmoja. Matukio ni mawili yanayopingana. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi una vitundu vidogo mno. Maji hupenya kutoka ndani, hufika nje, na yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Hiyo ndiyo siri ya ubaridi wa maji ya mtungini. Bilauri, kwa upande wake, haipenyeki. Matone yaliyo nje yake yametoka katika hewa, ambamo mvuke usioonekana umekutana na kioo baridi ukageuka maji.

Njia rahisi ya kuyatenganisha ni mizani. Bilauri ya maji ya barafu iliyofunikwa ikiwekwa kwenye mizani nyepesi huongezeka uzito kadiri matone yanavyojikusanya. Mtungi hupungua uzito kadiri saa zinavyopita. Njia nyingine ni kutia rangi katika maji ya bilauri: matone ya nje hubaki meupe. Jaribio hili hufaulu upesi zaidi Mombasa na Lamu, ambako hewa imejaa unyevu, kuliko katika nchi kavu za bara.

Neno jasho ni la sitiari, nalo linaufaa mtungi kwa namna fulani, maana mwili wa mwanadamu nao hutoa maji kutoka ndani na kupozwa yanapokauka. Linapohamishiwa kwenye bilauri, sitiari hiyohiyo inapotosha mwelekeo wa maji.

4. Kuyeyuka: neno moja, mambo mawili

(3) Samli imeyeyuka.
(4) Chumvi imeyeyuka.

Katika (3), kitu kigumu kimekuwa majimaji kwa kupashwa moto, na hakikuhitaji kitu cha pili. Katika (4), chumvi imetawanyika ndani ya maji. Bila maji, joto la jiko la kawaida haliwezi kuifanya iwe majimaji, kwa kuwa huhitaji zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi. Mwanafunzi mwenye kitenzi kimoja kwa mambo haya mawili hana budi kuyachanganya, na aghalabu hudhani kwamba chumvi imekuwa maji au imepotea.

Jaribio la kumwongoza ni jepesi. Maji na chumvi vipimwe uzito kabla na baada ya kuchanganywa: uzito haubadiliki. Kisha maji hayo yaanikwe juani katika sahani pana: chumvi hurudi. Kazi hiyohiyo hufanyika kwa wingi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari huachwa juani hadi chumvi ibaki.

Waandishi wa vitabu vya sayansi wamejaribu kulitenga jambo la pili kwa kitenzi mumunyika, ambacho kimezaa nomino mmumunyo. Uteuzi huu unastahili kusifiwa, kwani mzizi wake ni mumunya, kitendo cha mtu aliyeweka peremende kinywani ikaisha kidogo kidogo katika mate. Istilahi iliyochimbuliwa katika tajiriba ya mtoto hueleweka kabla ya kufafanuliwa.

5. Kuvutana: pale lugha inapoitangulia sayansi

Isidhaniwe kwamba lugha ya kila siku hupotosha daima. Katika jaribio la sumaku, kawaida ni kusema:

(5) Sumaku inavuta msumari.

Mwalimu akiining'iniza sumaku kwa uzi, kisha akaisogezea kipande kizito cha chuma, sumaku ndiyo inayosogea. Msumari nao, basi, huvuta. Kiswahili kina kauli ya kutendana kwa jambo hili hasa:

(6) Sumaku na msumari vinavutana.

Kiambishi -an- kinasema kwa silabi moja lile ambalo sheria ya tatu ya mwendo ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, inalisema kwa sentensi nzima: hakuna kani itendwayo na upande mmoja pasipo kujibiwa na upande wa pili. Kadhalika dunia na embe lianguكalo vinavutana. Ncha mbili za kaskazini za sumaku zinasukumana.

6. Kauli za vitenzi kama hatua za jaribio

Kutokana na mifano hii yawezekana kupendekeza utaratibu. Kila jaribio lina hatua tatu, na kila hatua ina kauli yake.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Hapa inafaa kauli ya kutendeka au kitenzi kisichotaja mtenda: mwali umezimika, maji yamepanda, bilauri imepasuka. Kauli ya kutendeka haikubali mtenda; haisemwi "bilauri imevunjika na mtoto". Udhaifu huo ndio ubora wake katika hatua hii, kwa kuwa humzuia mtazamaji asitaje sababu kabla ya kuichunguza.

Hatua ya pili ni kuuliza. Hapa inafaa kauli ya kutendwa, ambayo huacha nafasi ya mtenda baada ya na: maji yamepandishwa na nini? Mara swali linapoulizwa kwa namna hii, jibu "yamepanda tu" halitoshi tena.

Hatua ya tatu ni kueleza. Hapa huja kauli ya kutendesha au ya kutendana, ikimtaja mtenda aliyethibitishwa na ushahidi: joto limeitanua hewa, hewa imeyapandisha maji, sumaku na chuma vinavutana.

Yamkini patatokea pingamizi kwamba maneno ya kila siku hayawadanganyi watu wazima. Watu husema jua limekuchwa, na hali wanajua kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Pingamizi hili lina haki. Hakuna haja ya kuyafukuza maneno ya vuta, kula na jasho katika lugha. Lakini asemaye jua limekuchwa bila kudanganyika ni yule aliyekwisha kufundishwa. Mwanafunzi aliye mbele ya meza bado. Kwake yeye kitenzi ni maelezo, na ni wajibu wa mwalimu kukiweka kitenzi hicho katika mizani pamoja na vifaa vingine.

Tamati

Imeonekana kwamba majaribio yasiyohitaji zaidi ya chupa, mrija, mshumaa, chumvi na sumaku yanaweza kueleweka au kupotoka kwa sababu ya kitenzi kimoja. Kazi ya kuunda nomino za sayansi iendelee. Lakini watungaji wa kamusi na wakufunzi wa walimu hawana budi kuvitazama vitenzi kwa uangalifu uleule, wakionyesha kila kimoja kinamtaja nani kuwa mtenda, na katika kauli gani. Lugha yenye uwezo wa kutofautisha kuvunjika, kuvunjwa na kuvunjana haina upungufu wa nyenzo za kuelezea sababu. Kilichopungua ni mazoea ya kuzitumia nyenzo hizo mahali ambapo sayansi huanza kwa mtoto, yaani mezani, wakati maji yanapopanda na darasa zima linapongoja kuambiwa ni kwa nini.