Ujuzi wa Kidijitali katika Shule za Msingi za Kenya

Ujuzi wa kidijitali, kwa mtoto wa shule ya msingi, ni uwezo wa kutafuta habari kwa kutumia vifaa vya kielektroniki, kupima kama ni za kweli, kutengeneza kazi yake mwenyewe na kujilinda anapowasiliana na wengine. Kuwasha na kubofya ni sehemu ndogo tu, nayo watoto wengi huimudu kabla ya mwalimu.

Katika Mtaala wa Umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, ujuzi huu ni miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Haukutengewa kipindi chake. Hufundishwa ndani ya masomo mengine. Katika somo la kilimo, kwa mfano, wanafunzi wanaweza kupiga picha mche uleule kila wiki, kuzipanga kwa tarehe, kisha kueleza kilichobadilika. Kifaa hapo kinatumikia uchunguzi. Mwalimu akiwaonyesha picha zilezile ukutani kwa projekta huku wao wakinakili maelezo, ni mhadhara wa kawaida wenye mwanga zaidi.

Serikali ilitanguliza vifaa. Ahadi ya uchaguzi wa 2013, kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, iligeuka kuwa vishikwambi vilivyoanza kufika shuleni mwaka 2016. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilisambazwa katika shule za umma zaidi ya 21,000. Shule zilipewa pia vipakatalishi vya walimu, projekta na seva yenye masomo, ili ukosefu wa intaneti usizuie kazi. Ilibidi kwanza umeme ufikishwe shuleni. Pasipofika nyaya, zilifungwa paneli za sola.

Vifaa vikafika, lakini shule nyingi zikavifungia stoo. Mwalimu mkuu aliyehofia wizi alikuwa na sababu, na hata mwalimu aliyepata mafunzo ya siku chache hakuwa tayari kusimamia darasa la watoto 60 wenye skrini mkononi. Kuchaji vishikwambi, kuvigawa na kuvikusanya kungeweza kumaliza nusu ya kipindi. Mpango ulipoingia awamu ya pili, mkazo ulihamia kwenye maabara za kompyuta zinazotumiwa na madarasa yote.

Pengo jingine lilijitokeza nyumbani. Kazi za kutafuta na kuchapisha picha ziliwapeleka wazazi saiba, wakalipa na kurudi na karatasi ambayo mtoto hakushiriki kuitengeneza. Kazi ya namna hiyo hupima mfuko wa mzazi. Mwalimu anaweza kuifanyia darasani kwa kifaa kimoja kwa kila kikundi, huku watoto wakipokezana: mmoja anatafuta, mwingine anaandika, wa tatu anauliza habari imetoka kwa nani na lini. Swali hilo la mwisho linaweza kuzoezwa hata kwa gazeti kuukuu, umeme ukikatika.

Usalama nao unahitaji mazoezi ya mara kwa mara: kutotoa nywila, kutotuma picha ya mwenzako bila ridhaa yake, na kumwambia mtu mzima ujumbe unapotisha.