Kusoma mawasiliano haiko kujifunza kuongea



Kila mwaka, wakati matokeo ya Exetat inatoka, wadogo wananiandikia juu ya kuchagua fakilte. Kuko ulizo moja yenye inarudia kila mara: "Kaka, nataka kusoma mawasiliano, lakini ku nyumba wanasema ni fakilte ya wale wenye hesabu iliwashinda. Nifanye nini?"

Mimi niko agronome, siko mwandishi wa habari. Lakini kazi ya shamba njo ilinionyesha thamani ya masomo hii. Basi nieleze ni nini, inafundisha nini, na mutu aulize nini mbele ya kulipa feza ya kujiandikisha.

Tuanze na kuondoa kosa moja. Mutu anaweza kuwa musemaji mukubwa na asijue kitu juu ya mawasiliano. Fakilte hii inafundisha kuchunguza safari ya habari. Mu 1948, Mumarekani Harold Lasswell alifupisha hiyo kazi mu maulizo tano: nani anasema, anasema nini, kupitia njia gani, anaambia nani, na inaleta matokeo gani. Inaonekana rahisi. Lakini chukueni kampeni yoyote yenye ilipita mu kartie yenu, muulize ile ya tano. Mara mingi wanahesabu mabango na vipindi vya redio. Watu wenye walibadilisha kitu mu maisha yao, nani aliwahesabu?

Sasa niingie ku shamba. Wengi hawajui ya kama sehemu kubwa ya masomo hii ilizaliwa mu mahindi. Mu 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walitoa uchunguzi juu ya wakulima 259 wa Iowa, Marekani. Mbegu mupya ya mahindi ilikuwa inazaa kupita ile ya zamani, na kuvumilia jua kali. Hata hivyo, ilichukua tangu 1928 mupaka 1941 ili wote waikubali, isipokuwa wawili. Wauzaji wa mbegu njo walileta habari ya kwanza kwa wengi. Lakini chenye kiliwasukuma kupanda ni kuona shamba ya jirani.

Everett Rogers, mutoto wa mulimaji wa hukohuko Iowa, aliona baba yake akikataa ile mbegu mupaka ukame wa 1936, wakati mahindi yao ilinyauka na ya jirani ikabaki imesimama. Rogers alisoma kilimo kwanza. Mu 1962 akatoa kitabu juu ya namna mambo mapya inaenea kati ya watu, na leo kinasomwa ku mawasiliano na ku agronomia pia.

Huku Kivu tunajua hadisi kama hiyo kupitia migomba. Mnyauko, wenye wengi wanaita kirabiranya, ulionekana Masisi mu 2001. Hakuna dawa ya kupulizia yenye inauponyesha. Mulimaji anaondoa ua la dume kwa muti wa panda, na anapitisha panga ku moto kila mara anapotoka ku mugomba moja kwenda ku ingine. Siku moja tulikuwa tunasoma kipeperushi pamoja na kikundi cha walimaji. Mama moja akauliza: "Panga ni ya kuazima, moto uko ku nyumba, shamba iko ng'ambo ya mulima. Nitaenda na kurudi mara ngapi?" Kila neno la kipeperushi lilikuwa la kweli. Lakini mwenye kukiandika hakujua njia ya yule mama. Kujua hiyo njia mbele ya kuandika, njo kazi ya mutu wa mawasiliano.

Na kuko mahali kukosa hiyo kazi kunauwa. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Chanjo ilianza kutolewa siku chache tu nyuma ya tangazo. Lakini watu wa Beni walikuwa wanazika ndugu zao juu ya mauaji tangu 2014, na magari mingi hivyo hawakuiona. Halafu mu Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kama sababu moja. Wengi wakasema huo ugonjwa ni wa siasa. Hawakuwa wajinga. Walipima habari kufuatana na ule mwenye aliileta. Vikosi vya afya vikashambuliwa, na wagonjwa wengine wakajificha mupaka mwisho.

Sasa, mu auditoire wanafundisha nini? Mu mufumo wa LMD, lisansi ni miaka 3, semestri 6, kredi 180. UNILU iko na departema ya sayansi ya habari na mawasiliano. Kinshasa kuko UNISIC, yenye mbele ilikuwa IFASIC, na mbele zaidi ISTI. Kwa kawaida mutakuta nadharia za mawasiliano, sosiolojia ya vyombo vya habari, kuandika kwa gazeti na redio, picha na sauti, namna ya kufanya uchunguzi, takwimu, sheria na maadili. Hiyo sheria muisome vizuri: tarehe 13 Machi 2023 inchi ilipata sheria mupya ya vyombo vya habari na kode ya mambo ya dijitali. Hiyo ya pili inaazibu hata mwenye kusambaza habari ya uongo mu simu yake.

Wale wazazi wenye wanauliza hesabu iko wapi, muwaonyeshe takwimu. Bila takwimu, ile ulizo ya tano ya Lasswell haina jibu.

Niseme pia ukweli wa kazi. Redio zetu nyingi zinalipa kidogo, wakati mwingine hazilipe. Njo maana coupage, ile bahasha ya mwenye kuandaa mukutano, imekuwa kama mushahara. Mwenye kuikula leo, kesho atashindwa kuandika juu ya yule mwenye alimulisha. Mashirika inatafuta watu wa mawasiliano, lakini inaomba maandishi, picha na ripoti zenye ulishafanya. Diploma peke yake haitoshe.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, uende ku chuo chenyewe na uulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, usiulize ofisi tu. Studio inafanya kazi, ao imefungwa na kufuli? Staji inaanza mwaka gani? Wanaandika mu Kiswahili pia, ao Kifaransa tu? Memwari za mwaka jana ziliuliza watu wa kweli, ao zilinakili vitabu?

Halafu uchague kitu kimoja cha kujua vizuri pembeni: afya, udongo, maji, sheria ya ardhi. Mwenye anajua namna ya kupitisha habari bila kujua habari yenyewe, atabaki kutangaza maneno ya wengine.

Na siye wa agronomia, madaktari, wanasheria, tuwaombe hao wandugu waingie mu kazi yetu tangu siku ya kwanza. Tusiwaite siku ya kupiga picha tu.