Ndoo Moja Tu: Hivi Ndivyo Unaosha Ndai Kwa Ploti Bila Kuisuuza na Bila Kuharibu Rangi

Wasee, wacha tuambiane ukweli. Kama unaishi kwa ploti hapa Nai, unajua maji ni siasa. Jumanne inakuja, Alhamisi inapotea, na Jumamosi ukiuliza keteka anakwambia tu "ngoja tuone." Sasa ndani ya hiyo siasa yote wewe uko na ka-ndai kako, vumbi imekashika mpaka watoto wameandika "NIOSHE" kwa kioo ya nyuma. Utafanya aje?

Mimi nilikuwa nafanya venye kila mtu hufanya. Navuta paipu ya ploti, naweka mangoma, naosha Vitz polepole kama niko kwa video ya muziki. Hiyo Vitz ni yangu na bro wangu mkubwa. Yeye anaendesha teksi nayo mchana, mimi kazi yangu ni kuiosha wikendi. Ndio mchango wangu, kwa sababu tangu niachane na chuo doh ya mafuta si kitu naeza toa kila wiki. Na teksi chafu haina mchezo: abiria akipanda akuje apakwe vumbi kwa suruali, nyota zinashuka, na nyota zikishuka kazi inapungua.

Jumamosi moja mathe wa nyumba namba saba alishuka ngazi na ndoo tupu. Tenki ilikuwa imeisha. Hakupiga kelele, na hiyo ndio ilinimaliza. Aliangalia povu ikiteremka kwa mtaro, akaniambia, "Kijana, hiyo gari inaoga kuliko mtoto wangu." Nikasema pole sana, mama. Lakini pole haijazi ndoo.

Piga hesabu ya paipu yako

Hiyo jioni nilifanya kitu sijawahi kufanya. Nilichukua mtungi wa lita 20, maji iliporudi nikafungua paipu na nikaseti saa kwa simu. Mtungi ulijaa chini ya dakika mbili. Yaani lita 10 na kitu kila dakika. Mimi nilikuwa naacha hiyo paipu wazi kama dakika 20. Hizo ni lita 200, mitungi kumi, kwa gari yenye haina hata kiu.

Kama unaona nimezidisha, cheki Cape Town. Mwaka wa 2018 huko Afrika Kusini mabwawa yalikauka mpaka jiji likaambia kila mtu atumie lita 50 pekee kwa siku. Kuoga, kupika, choo, kila kitu. Kuosha gari na maji safi ya bomba la jiji ilipigwa marufuku. Mimi hapa nilikuwa namwaga mara nne ya hiyo kwa Vitz moja. Na sio kwamba sisi tuko sawa: Nairobi ilianza mgao wa maji Januari 2017 baada ya maji ya bwawa la Ndakaini kushuka, na mitaa mingi bado inahesabu siku.

Hapo ndio nikaanza kusoma kuhusu kuosha gari bila kuisuuza. Ndoo moja. Maji kama lita saba na nusu. Hakuna paipu.

Inawezekana aje bila kusuuza?

Sabuni ya kawaida hutoa povu, na hiyo povu ikikauka kwa rangi inaacha madoa. Ndio maana lazima uisuuze. Sabuni ya bila kusuuza ni kitu tofauti. Ndani yake kuna polima, vitu ambavyo vinashika chembe za uchafu, vinazizunguka na kuzifanya ziteleze. Kitambaa kikipita, uchafu unainuka na kuingia kwa kitambaa badala ya kukwaruza rangi. Haina povu ya maana, na kile kidogo kinabaki unakifuta ukikausha. Basi.

Yenye inajulikana sana inaitwa Optimum No Rinse, ya Marekani, na watu wa magari huiita ONR. Ziko zingine pia. Ya muhimu ni usome chupa, iandikwe wazi kwamba haihitaji kusuuzwa. Usidanganyane: Omo kwa ndoo haigeuki kuwa hii kitu. Sabuni ya vyombo pia hapana. Hizo lazima uzisuuze, na zinatoa ile nta inayolinda rangi.

Sasa shika hii, kwa sababu ndio siri yote. Chenye huharibu rangi ya gari si ukosefu wa maji. Ni mchanga. Juu ya rangi yako kuna ile koti ya mwisho inayong'aa, wapiga rangi huiita klia, na ni nyembamba karibu kama unywele. Ukiburuta mchanga juu yake, unaichora. Uwe umetumia lita 7 ama lita 700, ukiburuta mchanga umechora.

Mimi nilijua hiyo kwa njia mbaya. Mara ya kwanza nilijifanya mjuaji. Nikachanganya sabuni poa, lakini nikachukua sponji moja, nikasugua gari yote kwa miduara, nikirudisha sponji kwa ndoo kila saa. Gari ilikuwa imetoka barabara ya marram. Ilipokauka niliona iko fiti. Jioni bro akamulika boneti na tochi ya simu. Ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara, kama utando wa buibui. Alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Hii ndio gari inalipa rent ya sisi wawili." Sina la kuongeza.

Fanya hiyo mtihani kwa gari yako pia. Mulika boneti na tochi usiku. Ukiona utando wa buibui, kuna mtu amekuwa akikuburutia mchanga, na pengine ni wewe.

Vitu unahitaji

- Ndoo moja safi. Isiwe ile ya kuchanganya simiti.
- Sabuni ya bila kusuuza.
- Vitambaa vinane vya maikrofaiba vya kuosha, na viwili ama vitatu vikavu vya kukausha. Kata ile lebo ya pembeni, hukwaruza.
- Chupa ya kupulizia, kama ile ya kinyozi.
- Kitambaa kimoja kizee cha matairi pekee.

Kipimo: sabuni nyingi za aina hii, ONR ikiwemo, ni sehemu 1 kwa 256 ya maji. Kwa lugha ya mtaa, mililita 30 kwa lita saba na nusu. Kama ndoo yako ni ndogo, mililita 20 kwa lita tano. Usikadirie na macho. Tumia kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, kimeandikwa mililita kando. Ukizidisha sabuni gari haitakati zaidi, itabaki tu na ukungu.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kivuli. Osha asubuhi mapema ama jioni. Gusa boneti kwanza. Ikiwa moto, ngoja, kwa sababu maji itakauka kabla uifute.

2. Changanya. Maji kwanza, halafu sabuni. Jaza ile chupa ya kupulizia kutoka kwa hiyo ndoo. Halafu tumbukiza vitambaa vyote vinane.

3. Pulizia sehemu moja. Anza na paa. Lowesha, upatie kama dakika moja. Hapo sabuni inashikana na uchafu kabla wewe uguse kitu. Ukiharakisha hapa, umerudi kwa mambo ya sponji.

4. Toa kitambaa kimoja. Usikikamue kikauke, acha kitone tone. Kikunje mara mbili. Sasa kina nyuso nane. Pitisha uso mmoja kwa mstari ulionyooka, mkono mwepesi, usikandamize. Hakuna miduara. Uso ukishika uchafu, geuza uso mwingine.

5. Kitambaa kikichafuka, hakirudi kwa ndoo. Kiweke kando, chukua kingine. Hii ndio sababu ya vitambaa vinane, na ndio sheria yenye watu huvunja. Ukirudisha, umepeleka mchanga kwa maji, na maji itarudisha mchanga kwa gari.

6. Kausha hapo hapo. Kabla uende sehemu ya pili, futa na kitambaa kikavu.

7. Teremka. Paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Mwisho ni nusu ya chini ya milango na bampa, kwa sababu huko chini ndiko mchanga huishi.

8. Malizia na matairi. Kwa vile hukurudisha vitambaa, maji ya ndoo bado ni safi. Osha rimu nayo, na kile kitambaa kizee. Hicho kisiguse rangi tena maisha yake yote, kwa sababu vumbi ya breki ina chembe za chuma.

Mara ya kwanza inaeza kukushika saa nzima. Ukizoea, gari ndogo kama Vitz ama Demio ni kama nusu saa.

Ukimaliza, fua hivyo vitambaa peke yake, bila kuchanganya na nguo zako. Na usiviweke dawa ya kulainisha nguo, hiyo huziba nyuzi na kitambaa kinaacha kushika uchafu. Kikianguka chini ukiosha, kimetoka kazini siku hiyo. Usikipigepige kwa paja ukisema kiko sawa. Hakiko sawa.

Siku yenye hufai kujaribu

Hapa lazima niwe mkali kidogo. Kama umetoka ushago wakati wa mvua na udongo mwekundu umeganda mpaka kwa vishikio vya milango, weka hiyo ndoo chini. Hii njia ni ya vumbi, ya masizi ya barabarani, ya alama za matone ya mvua. Si ya matope. Ukiona madongo, usiguse na kitambaa chochote, hata kiwe cha bei gani.

Uko na njia mbili. Ya kwanza, nunua ile pampu ndogo ya mkono ya kunyunyizia, ya lita mbili hivi, mpya, isiyowahi kuwekwa dawa ya shamba. Pulizia maji mpaka madongo yaanguke yenyewe, halafu ndio uanze na vitambaa. Ya pili, peleka kwa wasee wa kuosha magari, waambie wapige maji ya presha pekee, chini na kwa matairi, wasiguse rangi na kitambaa. Umalizie kwako.

Na msinielewe vibaya, sisemi muwanyime kazi wale vijana. Wengi wanaosha poa na hiyo ndio unga yao. Lakini ukiwa huko, angalia kile kitambaa. Kama kimetoka kuosha lori ya mchanga na sasa kinakuja kwa boneti yako, una haki ya kusema, "Buda, tumia changu." Hakuna mtu atakasirika ukiongea na heshima.

Na doh je?

Chupa ya lita moja, ukitumia mililita 30 kila mara, inatoka mara 33. Ukiosha kila wiki hiyo ni zaidi ya miezi saba. Kabla ununue, chukua bei ya chupa ugawanye na 33, ulinganishe na chenye unalipa kuoshewa gari huko kwenu. Vitambaa utavinunua mara moja na vitakaa ukivitunza. Kama huna doh ya vyote vinane, ngoja uvipate. Hii si kitu ya kuanza na kitambaa kimoja na imani.

Boneti yetu bado ina ile michoro yangu, na fundi wa rangi alituambia kuing'arisha ni doh yenye hatuna saa hii. Inakaa hapo, kila jioni bro akipaki naiona. Lakini haijaongezeka.

Jumamosi iliyopita mathe wa namba saba alipita na ndoo yake, safari hii imejaa. Akasimama, akaangalia Vitz ikimetameta, akaangalia kwa mtaro. Ulikuwa mkavu. "Umetumia maji ngapi?" Nikamwonyesha ndoo yangu. "Hiyo tu?" Hiyo tu, mama. Akatingisha kichwa akapanda ngazi.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla uvute paipu, jaribu na mlango mmoja pekee. Pulizia, ngoja dakika, pitisha mstari mmoja, geuza kitambaa, kausha. Usiku mulika na tochi. Ukiona iko safi na haina mchoro mpya, endelea na milango mingine.