Mafunjo ya Dunga: Utulivu uliopo karibu na Manyatta

MKAZI wa mtaa wa Manyatta aliyezoea makelele ya matatu na bodaboda huenda akadhani kuwa kutazama wanyamapori ni jambo la Maasai Mara pekee. Ilhali katika mji huo huo wa Kisumu, kwenye barabara ya kuelekea Dunga, yapo maeneo mawili tulivu ambayo wenyeji wengi hawajawahi kuyatembelea.

La kwanza ni Hifadhi ya Impala, iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ilitangazwa rasmi mwaka 1992 ili kuwanusuru swala pala waliokuwa wakibanwa na upanuzi wa mji. Eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba, hivyo mgeni hulizunguka kwa miguu. Usiku viboko hutoka ziwani na kuja kula nyasi.

Mbele yake ni kijiji cha wavuvi cha Dunga, chenye kinamasi cha mafunjo. Mgeni anayetarajia makundi ya wanyama atavunjika moyo, kwani wakazi wa hapa hujificha. Nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kupita matopeni, huzama majini akaacha pua tu akihisi hatari. Yupo pia ndege mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana. Ndege huyo huishi kwenye mafunjo. Yakitoweka, naye hana pa kuhamia.

Faida ya mafunjo haiishii kwa ndege. Mizizi yake hunasa udongo na mbolea zinazoletwa na maji ya mvua. Mbolea hizo zikifika ziwani hustawisha magugumaji, ambayo tangu miaka ya 1990 yamewafungia wavuvi njia mara kwa mara.

Aidha, maji yaliyo katikati ya mafunjo yana hewa haba ya oksijeni. Mbuta, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuwamaliza samaki wengi wa asili, hawezi kuyastahimili. Kamongo na baadhi ya fulu huyamudu, na kwa hiyo kinamasi kimekuwa maficho yao.

Wenyeji hukata mafunjo ili kusuka mikeka na vikapu. Yakikatwa kwa kiasi, huchipuka tena. Hatari ni kuyachoma na kugeuza kinamasi kuwa shamba, kwa sababu shina lililo chini huharibika.

Wakati mwafaka wa kuzuru ni alfajiri, kabla ya jua kuwa kali na upepo wa ziwa kuvuma. Mgeni avae jaketi la kujiokolea kabla ya kupanda mashua, azungumze kwa sauti ya chini na asimsogelee kiboko hata akionekana mpole. Vijana wa kijiji huwaongoza wageni kwa malipo.

Malipo hayo yana uzito wake. Swala pala wa Impala wana ua na askari wa kuwalinda, lakini kinamasi cha Dunga hakina ukuta. Kijana anayepata riziki kwa kuwaonyesha wageni ndege ana sababu ya kumzuia jirani yake asiwashe moto.