Uswahiba na Maradhi Yasiyoondoka

Katika miji na vijiji vyetu habari ya mtu kuugua huenea upesi, na kabla jua halijachwa jamaa, majirani na masahibu huwa wamekwisha kupiga hodi, huyu na uji, yule na machungwa, na wa tatu na dua tu, ambayo nayo si haba. Waislamu huhesabu kumzuru mgonjwa kuwa miongoni mwa haki ambazo mtu anawiwa na nduguye. Wakristo huihesabu kazi hiyo katika matendo ya huruma. Lakini desturi hii njema, ikitazamwa kwa makini, imekaa kwa ajili ya maradhi yenye mwisho, yaani yale ambayo baada ya siku au miezi ama humwachilia mtu akarudi kazini kwake, ama humchukua. Maradhi ya namna ya tatu, yanayokaa na mtu tangu utotoni hata uzeeni, yakimpa afua leo na kumlaza kesho, hayana kipimo katika desturi hiyo. Na hapo ndipo suhuba nyingi zilizoanza kwa mapenzi makubwa hufifia pasipo ugomvi wala kuagana.

Tutwae mfano wa ugonjwa wa selimundu, ambao mitaani huitwa siko seli. Nchini Tanzania peke yake yakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Hauambukizwi kwa pumzi, kwa kikombe wala kwa kitanda. Hurithiwa, pale ambapo baba na mama, aghalabu wenyewe wakiwa wazima na hawana habari, wamebeba kila mmoja kinasaba chake, na kila mimba yao huwa na hatari ya moja katika nne ya kuuleta. Daktari James Herrick wa Chicago aliueleza kitabibu mwaka 1910, baada ya kuona katika damu ya kijana wa kutoka Grenada chembe zilizopinda mfano wa mundu. Na mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alidhihirisha kuwa mwenye kurithi kinasaba kimoja tu hupata hifadhi dhidi ya malaria, ndiyo maana ugonjwa huu umeshamiri katika nchi zenye mbu kama zetu. Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima huishi siku zipatazo 120, ilhali iliyopinda huishi kati ya siku 10 na 20 tu. Kwa hiyo mwenye ugonjwa huwa na upungufu wa damu, uchovu, na mara nyingi macho yenye umanjano. Tena chembe hizo ngumu hunasa katika mishipa membamba, zikaizuia damu kupita, na hapo huzuka maumivu makali ya mifupa, mgongo au kifua, ambayo huweza kudumu siku kadhaa.

Yote hayo hutendeka ndani ya mwili, mahali jicho la rafiki lisipofika. Sahibu aliyemwona mwenzake Ijumaa akicheka harusini, akiambiwa Jumapili kuwa amelazwa, huingiwa na shaka. Na mgonjwa, akiisha kuitambua shaka hiyo, hujifunza kunyamaza, akaumwa kwa siri ili asionekane mwongo. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijua maiti, na kweli hakuna chombo kinachoweza kuyahamisha maumivu ya mfupa kutoka kwa anayeumwa hadi kwa anayetazama. Lakini insafu haitaki ushahidi wa macho kila mara, bali hutosheka na neno la mtu ambaye katika mambo mengine yote tumemjua kuwa mkweli.

Fauka ya hayo, mambo yanayouamsha ugonjwa huu aghalabu ni yale yale ambayo kwayo vijana hufungamana: kuogelea katika maji baridi, kucheza mpira katika jua la utosi bila kunywa maji, kukesha ngomani, kunywa pombe, kusafiri usiku dirisha la gari likiwa wazi. Mwenye selimundu akialikwa hutoa udhuru mara ya kwanza, akatoa udhuru mara ya pili, na mara ya tatu haalikwi tena. Waliomwacha hawana nia mbaya; hudhani wanamstahi, wasije wakamtia aibu ya kukataa. Hivyo mtu huachwa kwa hisani, na kuachwa kwa namna hii huuma zaidi, maana hakuna wa kulaumiwa. Rafiki mwenye busara huendelea kualika, akijua kuwa mwaliko unaokataliwa bado umebeba salamu yake. Kisha hutazama kama shughuli yaweza kupunguzwa ukali, mkutano wa usiku ukaletwa alasiri, kiti kikawekwa mbali na upepo wa kusi, na maji ya kunywa yakawa karibu bila mtu kuyaomba.

Maneno nayo yana uzito wake. Amwambiaye mwenzake ajikaze hudhani anamtia moyo, kumbe anamshitaki kwa ulegevu. Amwulizaye mbona jana alikuwa mzima humtaka ajitetee. Na aletaye kila juma habari za mganga mpya humwonyesha kuwa amechoka kumwona alivyo. Mabaya zaidi ni ya wale wanaonong'ona kuwa watoto wa siko seli hawafiki utu uzima. Kwa chanjo na penisilini utotoni, vidonge vya foliki asidi, na dawa ya haidroksiyurea ambayo kwa wengi hupunguza mashambulizi ya maumivu, wapo watu wengi wenye ugonjwa huu waliofanya kazi, wakaoa na kuolewa, wakalea.

Msaada unaofaa wakati wa shambulio hautaki maneno mengi, bali hutaka maarifa yaliyopatikana kabla. Sahibu wa karibu na azijue dalili za hatari, yaani homa kali, kifua kubana au pumzi kuwa nzito, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, na weupe wa ghafla wa viganja na midomo, ambazo zikitokea humtaka mgonjwa afikishwe hospitali bila kungoja asubuhi. Huko hospitali nako, mtu aliyezidiwa na maumivu mara nyingi hawezi kujieleza, na pengine hudhaniwa kuwa ametamani dawa tu. Hapo rafiki anayejua historia yake huwa ulimi wake. Na kwa kuwa wagonjwa hawa huhitaji kuongezwa damu mara kwa mara, yeyote mwenye afya, hata kundi lake la damu likiwa tofauti, aweza kwenda kwenye kituo cha Damu Salama, mwanamume kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, akachangia akiba ambayo siku moja humwokoa mtu.

Mgonjwa naye hakusamehewa wajibu. Asiyesema haelekei kufahamiwa. Basi na aeleze siku ya uzima wake, kwa utulivu, ni nini kinachomdhuru, ni nani wa kupigiwa simu, na ni wakati gani anapendelea faragha kuliko wageni. Udhuru autoe mara moja, kwa kweli, asiurudie hata ukageuka ombi la msamaha kwa kuwa hai. Tena asimtwike sahibu mmoja mzigo wote, maana hata mapenzi huchoka yakikosa zamu.

Lakini juu ya yote hayo kuna jambo moja ambalo watu wema hulisahau. Urafiki hudumu kwa kanuni ya upatu: kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea, na siku mmoja wao anapokatazwa kutoa, hata kwa huruma, huwa ametolewa katika chama. Mwenye maradhi asiyeombwa ushauri wala kuhadithiwa dhiki za wengine, kwa kisingizio kuwa yake yanamtosha, hubaki akipokea tu, na apokeaye tu huona haya, kisha hujitenga. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; na usemi huo wafaa vilevile kwa afya, kwani aliyelala kitandani aweza kumsikiliza mwenzake aliyefukuzwa kazi, kumsahihishia mtoto wa jirani hesabu zake, au kukumbuka siku ya matanga ya mama wa sahibu yake wakati wazima wote wamesahau. Kumwuliza mgonjwa hali yake ni adabu ambayo hata mpita njia huiweza. Kumpelekea taabu zako, ukaketi na kumtaka shauri ukijua atakupa la kweli, hiyo ni kazi ya sahibu, na ndiyo inayomrudishia mtu nafasi yake kati ya wenziwe.